Ndege Mshonaji wa Msitu Wetu: Jinsi ya Kumtambua na Kujua Kwao



Wengi wetu tumezaliwa katika milima hii ya Usambara, na tangu utoto tumelala na kuamka kwa sauti za ndege. Walakini tukiulizwa, "Yule aliaye kule kijitoni ni ndege gani?" twajibu, "Ni ndege tu." Kware twamjua, kwa kuwa huliwa, mwewe twamjua, kwa kuwa hula vifaranga vyetu. Lakini hawa wadogo wasiotupa faida wala hasara, hatuna habari nao. Nami nalikuwa mtu wa namna hiyo hiyo, wala sikuona haya, hata siku ile jibu langu la haraka lilipokaribia kutupotezea msitu wenye chemchemi yetu. Kwa hiyo nawaandikia somo hili, si kwa sababu mimi ni mtaalamu, bali kwa sababu nalikosa mbele ya watu wengi, kisha nikajifunza.

I. Jambo lililonifundisha

Usharika wetu una shamba, na chini ya shamba liko bonde jembamba lenye miti mikubwa. Ndani yake mna chemchemi inywesha nyumba za chini. Juu ya bonde ni chai, na upande wa pili ni mahindi na migomba ya watu. Miaka michache iliyopita baraza la wazee lilikutana kwa habari ya paa la kanisa la mtaa, lililokuwa limeoza. Mabati yalitakiwa, na fedha hazikuwapo. Mzee mmoja, mtu wa busara na mkulima hodari, akashauri tupande iliki bondeni. Akasema, "Hatutakata mti hata mmoja mkubwa. Iliki yapenda kivuli. Tutafyeka vichaka vya chini tu, na mtu akitazama kutoka barabarani atauona msitu uko vile vile."

Mimi sikupendezwa na shauri hilo kwa ajili ya maji. Lakini badala ya kusema neno la maji, nikataka kusema neno kubwa zaidi. Nalikuwa nimesikia habari ya ndege adimu wa Usambara, ashonaye majani awe na kiota, asiyepatikana ila mahali pachache sana duniani. Tena nalikuwa nimeona kiota cha majani yaliyoshonwa ukingoni mwa bonde letu. Basi nikasimama nikasema kwa nguvu, "Ndege huyo yumo bondeni mwetu. Nimekiona kiota chake. Tukifyeka, tutamwangamiza, na dunia nzima itatuuliza."

Watu wakanyamaza. Ndipo mama mmoja mzee akainua mkono, akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, kiota cha namna hiyo kiko nyuma ya jiko langu, katika mchungwa. Mwaka jana pia kilikuwapo."

Kesho yake nalikwenda. Ni kweli: majani mawili ya mchungwa yameshonwa pamoja kwa nyuzi za buibui, na ndani yake mayai. Mwenye kiota akatulilia kwa hasira, kama mwana-mbuzi aliyepotelewa na mama yake. Wazee waliposikia wakacheka, wakasema, "Ndege wa mchungaji hukaa hata jikoni! Basi kufyeka hakutamdhuru." Nami sikuwa na la kujibu. Nikaomba jambo moja tu, wangoje miezi mitatu kabla ya kufyeka, nipate kutazama vizuri. Wakanikubalia, zaidi kwa kunihurumia kuliko kwa kuniamini.

II. Ndege watatu wachanganywao

Bwana mmoja wa misitu aliniazima darubini, akanifundisha kwamba kosa langu ni la watu wengi. Wako ndege wadogo watatu ambao watu huchanganya habari zao, kwa kuwa wote watatu ni wadogo, wana midomo myembamba, hula wadudu, na husemwa kuwa washonaji wa majani. Majina yao ya vitabuni ni ya kigeni. Sisi nyumbani tumewapa majina yetu ya kuwatofautisha, nami nitayatumia katika somo hili.

Wa kwanza ni Kimbuzi. Watoto wangu ndio waliompa jina hili kwa sababu ya sauti yake, maana akiona mtu au nyoka hulia kama mwana-mbuzi. Tena ana sauti nyingine, kavu na ya haraka, kama mawe mawili madogo yagonganishwayo. Mabawa yake ni ya kijani, tumbo lake ni jeupe lililofifia, na mkia wake mfupi huusimamisha juu mara kwa mara. Kichwani hana wekundu wowote. Huyu hukaa chini, katika vichaka vya kando ya msitu, katika mashamba yaliyoachwa, na katika bustani za nyumbani. Ndiye aliyekuwa katika mchungwa wa yule mama.

Wa pili ni Kichwa-udongo. Ni mdogo, yapata sentimeta 10 tangu ncha ya mdomo hata ncha ya mkia. Utosi wake, uso wake na pande za shingo ni rangi ya udongo mwekundu wa njia zetu baada ya mvua. Koo ni jeupe, na tumbo jeupe lenye kijivu ubavuni. Mgongo ni wa rangi iliyofifia, wala si ya kijani kama mabawa ya Kimbuzi. Mdomo wake ni mrefu na mwembamba kwa kipimo cha mwili wake. Sauti yake ni nyembamba, ya juu, hurudiwarudiwa. Mtu asiyesikiliza kwa bidii huidhani kuwa ya mdudu. Huyu hukaa ndani ya msitu, chini, katika vichaka vilivyosongana, na mara nyingi karibu na maji. Katika maandishi ya wataalamu alipewa jina mwaka 1907 na Mjerumani Anton Reichenow.

Wa tatu ni Mdomo-mrefu. Huyu ndiye niliyemtaja barazani pasipo kumjua. Mwili wake karibu wote ni wa kijivu; usoni na utosini ana wekundu uliofifia, usiong'aa kama ule wa Kichwa-udongo. Mkia wake ni mrefu, na mdomo wake ni mrefu kuliko wa wenzake. Yeye hupenda mahali ambapo mti mkubwa umeanguka msituni na mwanga umeingia, na mimea itambaayo imepanda juu ya miti na kufanya pazia nene. Hutembea ndani ya pazia hilo, na mara nyingi hukaa juu kuliko yule Kichwa-udongo.

Wasomaji wataona kwamba alama si moja. Mtu akitazama kiota peke yake hukosa, kama mimi nilivyokosa. Akitazama ukubwa peke yake hukosa. Sharti akusanye alama nne au tano, zikubaliane zote, ndipo aseme jina.

III. Jinsi ya kutazama

Nalichukua vijana watatu wa darasa la kipaimara. Wawili kati yao walikuwa mabingwa wa manati, na ndege wengi walikuwa wamekufa kwa mikono yao. Nikawaambia, "Macho yenu ni mazuri kuliko yangu. Sasa myatumie, na manati yabaki nyumbani." Tukaenda bondeni kila Jumamosi alfajiri, kabla jua halijapanda, maana baada ya saa tatu ndege wa msituni hunyamaza.

Tulijiwekea kanuni hizi, nami nawapa ninyi, kwa kuwa zaweza kutumika kwa ndege yeyote:

1. Kaa mahali pamoja pasipo kusogea kwa muda wa saa nzima. Mtu atembeaye huona mkia wa ndege akimbiaye. Mtu akaaye huona uso wake.

2. Sikia kwanza, tazama baadaye. Katika msitu mnene, masikio hutangulia macho.

3. Andika mambo matano papo hapo: mahali, kimo kutoka ardhini, rangi ya utosi, namna ya mkia, na sauti. Usingoje kufika nyumbani, maana njiani moyo huongeza yale uliyotamani kuyaona.

4. Usichoona usikiandike. Kama hukuona utosi, andika "utosi sikuuona." Daftari lenye nafasi tupu ni bora kuliko daftari lenye uongo.

5. Mtu mmoja aseme aliyoyaona, na mwingine aseme ya kwake, kila mtu peke yake, kabla ya kulinganisha. Tulipofanya hivi tuligundua kwamba mara nyingi mimi, niliye mkubwa, nalisema kwanza, na vijana wakakubali kwa heshima tu.

Kanuni hii ya tano ilinigusa kuliko zote. Jumamosi ya pili kijana mdogo kuliko wote alisema, "Mchungaji, ule mkia haukuwa mrefu." Mimi nalikuwa nimekwisha kuandika "mkia mrefu," kwa kuwa bado nalitamani awe yule wa tatu. Nikafuta.

Jumamosi tatu za kwanza hatukumpata ila Kimbuzi ukingoni, na ndege wengine wasiohusika na somo hili. Jumamosi ya nne, penye chemchemi, tukasikia ile sauti nyembamba. Tukakaa. Majani yakatikisika kwa kimo cha goti. Akatoka ndege mdogo, akageuza kichwa, na mwanga ukampiga utosini. Vijana wote wawili wa manati wakaninong'oneza kwa pamoja, "Udongo!" Ndivyo alivyopata jina lake.

Baada ya siku hiyo tulimwona mara nyingine kadhaa, siku zote ndani ya vichaka vya bondeni, kamwe si katika chai, wala katika mahindi, wala katika michungwa ya watu. Kimbuzi tulimwona pande zote za ukingo. Mdomo-mrefu hatukumwona hata mara moja, na sababu yake nitaieleza katika sehemu ya tano.

IV. Jinsi ashonavyo

Ushonaji wenyewe twauona vema kwa Kimbuzi, kwa kuwa yu karibu nasi. Huchagua jani bichi lililo bado mtini, au majani mawili matatu yaliyo jirani. Kwa ncha ya mdomo hutoboa kingo za jani, tundu moja moja. Kisha huchukua utando wa buibui au nyuzi laini za mimea, huzipitisha tunduni, na ule uzi ukiisha kupita hutanuka upande wa pili, hata hauwezi kurudi. Hafungi fundo kama fundi wetu. Kule kutanuka kwa uzi ndiko kushikako. Akiisha kuyavuta majani yakakutana, hupata kikombe cha kijani, naye hukitandika ndani kwa majani makavu na vitu laini.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba jani halifi. Laendelea kuwa bichi katika mti wake, na kwa hiyo kiota hakionekani, maana ni jani kati ya majani. Jike hutaga mayai machache, mawili hata manne, na huyaatamia muda wa wiki mbili hivi.

Mtu akikata tawi lile, au akifyeka kichaka kile, hajui kwamba amekata nyumba. Kwa hiyo miezi ya kufyeka mashamba, kabla ya mvua za vuli na wakati wake, ndiyo miezi ambayo ndege wengi wa Usambara wameatamia. Nawaomba wasomaji wakumbuke jambo hili wanaposafisha mipaka ya viwanja vya makanisa na shule.

V. Kwao ni wapi

Sasa tutazame nchi yao, maana kumjua ndege pasipo kujua kwao ni kama kumjua mgeni kwa sura tu.

Jamaa ya Kimbuzi imeenea Afrika karibu yote iliyo kusini ya jangwa kubwa, toka Afrika ya Magharibi hata Afrika ya Kusini. Palipo na kichaka, hapo ni kwao. Akifukuzwa katika bonde moja huhamia bonde la pili.

Kichwa-udongo nchi yake ni ndogo zaidi. Hukaa katika misitu ya milima ya Tanzania: Usambara ya Magharibi, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Udzungwa, na huonekana hata kaskazini ya Msumbiji. Hakai katika nchi tambarare iliyo kati ya milima hiyo. Ukiichora nchi yake katika ramani, hupati shuka moja, wapata viraka.

Mdomo-mrefu nchi yake ni ndogo mno. Alijulikana kwa wataalamu kutoka Amani, katika Usambara ya Mashariki, mwaka 1930, na mwaka 1931 William Lutley Sclater wa Uingereza akamwandika na kumpa jina la Reginald Moreau. Huyu Moreau alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani tangu 1928 hata 1946. Ujuzi wa ndege hakuupata chuoni. Alijifunza mwenyewe kwa kutazama siku baada ya siku. Wala hakuwa peke yake. Mkono wake wa kuume katika kutafuta ndege alikuwa Mwafrika, Salimu Asmani, ambaye macho na masikio yake yaliingia misituni mahali Wazungu hawakufika kwa urahisi. Tukisoma vitabu vya ndege wa Usambara na tukumbuke kwamba sehemu ya maarifa yale ilipatikana kwa mtu kama sisi.

Baada ya hapo ndege huyo alionekana mara chache tu kwa miaka mingi. Mwaka 1945 ndege wa namna yake walipatikana mbali sana, katika uwanda wa juu wa Njesi, kaskazini ya Msumbiji, zaidi ya kilometa 900 kutoka Amani. Wataalamu wengine siku hizi wasema kwamba wale wa Msumbiji ni kabila lao wenyewe. Ikiwa ndivyo, basi Mdomo-mrefu wa kwetu hana nchi nyingine duniani ila milima ya Usambara ya Mashariki, naye huhesabiwa kati ya ndege walio katika hatari kuu ya kutoweka. Sehemu ya nchi yake sasa imo katika Hifadhi ya Asili ya Amani, iliyowekwa mwaka 1997.

Tena jambo moja la kujifunza. Zamani wataalamu waliwahesabu Kichwa-udongo na Mdomo-mrefu kuwa ndugu wa karibu wa ndege washonaji wa Asia, kwa sababu ya umbo na ushonaji. Uchunguzi wa damu na chembe za urithi uliofanywa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba sivyo. Undugu wao na wale wa Asia si wa karibu. Hata wenye elimu walidanganywa na kiota. Nilipolisoma jambo hili aibu yangu ilipungua kidogo.

VI. Kwa nini hawavuki

Mtu akisimama Vugiri siku isiyo na ukungu, akatazama mashariki, aiona Usambara ya Mashariki ng'ambo ya bonde la Lwengera. Si mbali. Mtu mwenye miguu hodari hutelemka, huvuka, na hupanda. Je, mbona ndege mwenye mabawa asivuke? Na kama Amani yuko Mdomo-mrefu, mbona Vugiri hayuko?

Jibu limo katika bonde lenyewe. Chini kule ni joto, ni mkonge, ni nyasi na mashamba, mpaka mto Lwengera uingiapo katika mto Pangani karibu na Korogwe. Ndege hawa wa msituni wana mabawa mafupi ya mviringo, yafaayo kuruka toka kichaka hata kichaka, wala si kwa safari. Wamezoea kivuli na unyevu. Chakula chao ni wadudu wa majani mabichi. Kwao wao uwazi wa mwendo mfupi ni kama bahari kwa mtu asiyejua kuogelea.

Wenye elimu huita milima yetu, toka Taita katika Kenya hata Udzungwa, Milima ya Tao la Mashariki. Mvua yake hutoka Bahari ya Hindi, na misitu yake ni ya kale mno. Zamani za kale, hali ya nchi ilipokuwa ya unyevu zaidi, misitu ilikuwa mipana. Nchi ilipokauka, misitu ilibaki vileleni tu kama visiwa, na viumbe vilivyokuwamo vikabaki kila kimoja katika kisiwa chake. Wengine walipotea katika kisiwa hiki wakasalia katika kile. Ndiyo maana milima miwili itazamanayo yaweza kuwa na ndege mbalimbali.

Sasa fikirini, ndugu zangu. Ikiwa bonde la Lwengera latosha kumzuia ndege, basi hata sisi twaweza kufanya Lwengera ndogo ndani ya msitu mmoja. Shamba lililofyekwa kati ya vipande viwili vya msitu huwatenga waliomo. Na hapa ndipo nilipoelewa habari ya iliki. Yule mzee alisema kweli kwamba miti mikubwa itabaki, na mtu wa barabarani ataona msitu uko vile vile. Lakini Kichwa-udongo hakai katika miti mikubwa. Nyumba yake ni vile vichaka vya chini ambavyo sisi twaviita uchafu. Kuviondoa ni sawa na kuziacha nguzo za nyumba zimesimama na kuondoa kuta na watu, kisha kusema, "Nyumba ipo." Tena kule kulikolimwa iliki kwa miaka mingi, ardhi ilichoka, miche ya miti mipya haikuwapo ya kushika mahali pa mizee, na mwisho watu wakapanda mahindi na migomba.

VII. Jinsi jambo lilivyokwisha

Miezi mitatu ilipopita nalirudi barazani na daftari. Neno la kwanza nililosema lilikuwa hili: "Wazee wangu, nalikosa. Ndege niliyemtaja hayuko Vugiri. Kwao ni ng'ambo ya Lwengera. Na kiota nilichokiona kilikuwa cha Kimbuzi, kama mama alivyosema." Kisha nikawaachia vijana watatu waeleze wenyewe waliyoyaona: mahali, kimo, utosi, mkia, sauti. Walieleza vizuri kuliko mimi, na pale walipoulizwa wasilolijua wakasema, "Hilo hatukuliona." Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyowafanya wazee wawaamini kwa yale mengine.

Yule mzee wa iliki akauliza swali la haki: "Na paa? Ndege apate nyumba, na watu wanyeshewe?" Halikuwa swali la mzaha, kwa maana mabati hayapatikani kwa nyimbo. Tukazungumza hata jioni. Mwisho baraza likakata shauri kwamba iliki ipandwe katika kipande cha juu kilichokwisha kuharibika zamani, na bonde lote la chemchemi, hatua thelathini kila upande wa maji, lisiguswe kwa panga. Mavuno yalikuwa nusu ya yale tuliyoyatarajia. Kwa hiyo paa nalo ni nusu. Upande wa madhabahu una mabati mapya, lakini upande wa kwaya bado hutunyeshea wakati wa masika, na waimbaji hunitazama mimi.

Mimi sikusema kwamba shauri hilo halina gharama. Lina gharama, nasi twailipa. Lakini chemchemi haikukauka katika kiangazi kilichofuata, na Kichwa-udongo bado yumo. Yule mama mzee naye hakatai tena watoto kukaa nyuma ya jiko lake na madaftari, ila huwaambia wasiuguse mchungwa.

VIII. Mambo ya kukumbuka

Kwanza: kiota kilichoshonwa si ushahidi wa ndege adimu. Tazama utosi, mkia, mahali, kimo na sauti pamoja.

Pili: Kimbuzi ana mabawa ya kijani na sauti ya mwana-mbuzi, naye ni wa vichakani po pote. Kichwa-udongo ana kichwa chekundu na koo jeupe, naye ni wa chini ndani ya msitu. Mdomo-mrefu ni wa kijivu, mwenye mkia mrefu, naye ni wa Usambara ya Mashariki.

Tatu: msitu wenye miti mikubwa usio na vichaka vya chini si msitu mzima.

Nne: tetea jambo jema kwa neno la kweli. Neno kubwa lisilo kweli hulidhuru jambo lile lile ulilotaka kulisaidia.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika mtaa wenu, ni ndege gani wadogo waonekanao msituni tu, wasioonekana mashambani? Mmejuaje?

2. Ni miezi gani mnafyeka mipaka ya kiwanja cha kanisa? Je, yaweza kubadilishwa?

3. Ni nani katika usharika wenu ajuaye habari za msitu kuliko viongozi, naye haulizwi? Nendeni mkamwulize, mkaandike atakayosema.

4. Chagueni Jumamosi moja. Kaeni saa moja alfajiri, watu watatu, kila mmoja na daftari lake. Linganisheni baadaye, na aliye mkubwa aseme mwisho.